Huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa siku moja: unacholipia ni mkufunzi, si karatasi

Ukiitisha mafunzo ya kazini kuhusu msongo wa mawazo hapa Mombasa, iwe kwa kampuni ya mizigo Kilindini, hoteli ya Bamburi au shule ya Kisauni, mara nyingi utaletewa kifurushi kilekile chenye jalada tofauti: huduma ya kwanza ya kisaikolojia, siku nzima, na maneno matatu ubaoni. Tazama, Sikiliza, Unganisha. Asili yake ni mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na War Trauma Foundation na World Vision. Mwongozo huo hupakuliwa bure mtandaoni. Kwa hivyo pesa yako inanunua vitu viwili tu, mkufunzi na muda wa mazoezi, na hivyo ndivyo tunavyovipima hapa.

Kwanza kusudi lake. Mwongozo uliandikwa kwa mtu aliyepatwa na jambo zito punde hivi: ajali, moto, mafuriko, kifo cha ghafla, kushambuliwa. Jiji lililopoteza watu 272 katika feri ya Mtongwe Aprili 1994 halihitaji kuelezwa kwa nini ujuzi huo ni muhimu. Lakini haukuandikwa kwa karani aliyekaa miezi mitatu bila mshahara, wala kwa mama anayemuuguza mzazi usiku na kufungua kibanda alfajiri. Mkufunzi mwaminifu hulisema hili asubuhi na mapema, kisha anaonyesha ni sehemu gani zinazohamishika kwenda kwenye dhiki ya kila siku. Asiyelisema anakuuzia dawa ya jeraha kwa maradhi ya muda mrefu. Sehemu zinazohamishika vizuri ni kusikiliza na kuunganisha. Kutazama kunahitaji kufanyiwa kazi upya, na hapo ndipo vikao vingi huharibikia.

Slaidi ya Tazama huja na orodha ndefu ya dalili: kuumwa kichwa, kukosa usingizi, hasira, kusahau, kula sana, kutokula, kunyamaza, kusema sana. Isomeni mbele ya watu thelathini na kila mmoja atajiona mgonjwa kabla ya chai ya saa nne. Dalili peke yake haina habari. Habari iko kwenye badiliko. Mkimya akinyamaza hakuna jipya; mcheshi wa zamu akinyamaza wiki mbili, lipo jambo. Zoezi linalofaa ni hili, na huchukua dakika ishirini: kila mshiriki amfikirie mtu mmoja anayemjua vizuri, bila kumtaja jina, aandike hali yake ya kawaida kwa mambo manne, yaani usingizi, chakula, kazi na maelewano na watu. Halafu aandike nini kimebadilika na tangu lini. Yakiwa mawili au zaidi, na yamedumu kama wiki mbili, ni sababu tosha ya kumuuliza mtu hali. Si kipimo cha daktari na mkufunzi asikifanye kionekane hivyo. Kazi yake ni kukutoa kwenye kudhani na kukuingiza kwenye kuuliza.

Mifano nayo iwe ya kazi yenu. Kwa wakala wa forodha dalili ya kwanza huwa ni hati: mtu ambaye hakuwa akikosea namba za kontena anaanza kurudishiwa makaratasi. Kwa dereva wa masafa ni ugomvi pale mizani ya Mariakani, au simu ya nyumbani anayoiacha ilie. Kwa mhudumu wa hoteli ni kubadilishana zamu kila mara, au kuomba mkopo mdogo mdogo kwa wenzake hasa miezi ya masika, wageni wanapopungua na mikataba inaposimamishwa. Mkufunzi anayekuja na mifano ya ofisi ya ghorofani ya nchi nyingine hajafanya kazi yake ya nyumbani.

Kuna mambo ya hapa Pwani yanayofanana na msongo na si msongo, na kipindi kisichoyagusa kina pengo kubwa. Ramadhani ni la kwanza. Siku za mwanzo mtu aliyezoea kahawa na chai huumwa kichwa na kuwa mkali mchana kwa kukosa kafeini, na usingizi hukatwa na daku. Usimpime mtu saa tisa alasiri ya siku ya tatu ya mfungo ukasema amebadilika. La pili ni muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya mirungi, ambayo serikali ya kaunti ilijaribu kuipiga marufuku Mei 2024. Anayetafuna hadi usiku atakosa usingizi, atakosa hamu ya kula, atakuwa na wasiwasi na moyo kwenda mbio. Orodha nzima ya slaidi imo ndani ya mfuko mmoja. Hilo halimaanishi hana dhiki, maana wengine hutafuna kuikimbia, ila maswali yako yatakuwa tofauti. La tatu ni joto la Januari hadi Machi kwa wanaofanya kazi juani bandarini: kizunguzungu na uchovu huenda ni upungufu wa maji.

La nne ni la hatari. Watu wetu husema "nina presha" wakimaanisha mawazo, na husema "ni mawazo tu" ilhali ni presha kweli. Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakishuka mkononi au kupanda tayani pamoja na jasho na kukata pumzi, yanakwenda hospitali kwanza, mazungumzo baadaye. Mwulize mkufunzi wako kuhusu hili kabla ya kumlipa. Akikujibu kwamba mshtuko wa hofu nao huuma kifua, amesema kweli, lakini si kazi ya mwenzako wa kazini kuamua ni upi.

Sasa Sikiliza, ambayo ndiyo thamani ya mafunzo haya. Ikiwa siku ina saa sita za kazi, mbili na nusu ziende hapa, na nyingi ya hizo ziwe mazoezi ya wawili wawili, wa tatu akiwa mtazamaji. Kundi likizidi watu 24 mkufunzi mmoja hawezi kupita meza zote, na mazoezi yanageuka soga. Ukiambiwa ukumbi utachukua sitini, hiyo ni hotuba. Lipa bei ya hotuba.

Ugumu wa kwanza ni salamu zetu. Ukimwuliza mtu habari atakujibu njema, hata kama ametoka kumzika mtu. Salamu ina jibu lake na jibu hilo ni adabu, si taarifa. Kwa hiyo baada ya salamu kamili, isiyoharakishwa, lazima lije swali la pili lililoshikamana na kitu ulichokiona: "Kaka, naona juma hili lote chakula cha mchana hukigusi. Kuna nini?" Au kwa mtu mzima: "Mama, nimekuona umechoka si kama kawaida yako. Naweza kukaa nawe kidogo?" Ona kwamba hakuna neno msongo wala ugonjwa ndani yake. Ukianza na "nadhani una msongo wa mawazo" umeshatoa hukumu na mwenzako atajitetea. Kijana anayemwuliza aliyemzidi umri atafute kwanza heshima ya mahali: faragha, kukaa badala ya kusimama juu yake, na ruhusa ya kukataliwa. "Sina neno, mwanangu" ni jibu halali. Unasema, "Haya, nipo," na unarudi baada ya siku mbili tatu. Wengi hawasemi mara ya kwanza.

Namna ya kukaa nayo hufundishwa, na inafaa. Kaeni kwa pembe, si uso kwa uso kama polisi na mshtakiwa. Simu iwekwe kifudifudi au mfukoni. Mahali pawe na faragha lakini pasiwe pa kufungiana, hasa mwanamume na mwanamke, maana maneno ya watu yatakiua kikao kabla hakijazaa. Benchi la uani au baraza iliyo wazi hutosha. Kisha kazi ni tatu: kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au la, kunyamaza, na kurudisha ulichosikia kwa maneno machache. Kunyamaza ndiko kunakowashinda washiriki. Mkufunzi mzuri huwapa saa ya simu wahesabu sekunde kumi baada ya mwenzao kumaliza kusema, na wengi huvunja kimya sekunde ya nne kwa ushauri.

Ushauri wa haraka ndio kosa kubwa kuliko yote, ukifuatiwa na hadithi yako mwenyewe ("hata mimi yalinipata"), halafu kumlinganisha na wenye shida zaidi. Kumlazimisha mtu aliyepatwa na tukio asimulie lote mwanzo hadi mwisho ni kosa la aina nyingine. Zamani vikao vya kusimulishana mara moja baada ya msiba vilifanywa kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani halivipendekezi tena. Mkufunzi akiwaweka watu duara na kumtaka kila mmoja aeleze jambo baya lililompata, mwombeni asimame hapo hapo. Hayo si mazoezi, na anayefunguka mbele ya wafanyakazi wenzake leo atakutana nao kesho kazini.

Kuhusu dini, vikao hivi hukosea kwa pande mbili. Wengine hukataza kabisa maneno ya subira na kumtaja Mungu, jambo ambalo kwa mji huu ni kumnyang'anya mtu fimbo anayotembelea. Wengine huyatumia kama kifuniko: mtu hajamaliza sentensi, ameshaambiwa "subiri, ni mapenzi ya Mungu," naye anaelewa kwamba aache kusema. Kanuni inayofanya kazi ni rahisi: mwenye dhiki ndiye atangulie kuitaja imani, wewe umfuate. Hali kadhalika akisema amerogwa au ana jini. Usibishe, usikubali, uliza yanampataje usingizini na mchana, na kama yuko tayari kuonwa na mganga wa hospitali pamoja na sheikh au mchungaji wake. Njia mbili zaweza kwenda pamoja mradi ile ya hospitali isikatwe.

Tena msiba wetu una utaratibu wake: watu huja, hukaa matanga, hupika, huzika, hutoa mkono wa pole. Hiyo ni huduma ya kwanza tayari. Maji ya kunywa, mtu wa kushika watoto, kuwatafuta jamaa kwa simu, vyote vimo kwenye mwongozo kama msaada wa kweli, na kipindi kinachovidharau kikakazania mazungumzo ya pembeni kimeuelewa nusu. Panapolegea ni baada ya wiki mbili hivi, nyumba inapobaki kimya. Ratiba ya nani atapita lini inafaa ipangwe mapema.

Kipindi cha kutuliza mwili huwa kifupi na mara nyingi hufundishwa vibaya. "Vuta pumzi ndefu" ni agizo baya kwa mwenye hofu, kwani tayari anavuta kupita kiasi. Akizidisha, kaboni dioksidi hupungua damuni, vidole vinamwasha kama sisimizi, kichwa kinazunguka, naye anaamini anakufa. Agizo sahihi ni la kutoa: ingiza kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika mbili hadi tano, bila kuibana katikati. Wewe upumue naye. Usimhesabie kama kocha. Usimwambie afumbe macho, maana wengine wakifumba ndipo picha mbaya zinakuja. Ikishindikana, mrudishe mahali alipo: vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia, 2 anavyonusa, 1 anachoonja. Kikombe cha chai mkononi kinamaliza nusu ya hivyo.

Swali la kujiua lazima liwemo, tena kwa maneno ya wazi: "Umefikia hatua ya kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. "Hufikirii ujinga, sivyo?" si swali, ni amri ya kunyamaza. Washiriki walitamke kwa sauti, kila mmoja, hadi lisiwakwame kooni. Jibu likiwa ndiyo, uliza kama ana njia na muda aliopanga. Usimwache peke yake. Dawa za wadudu, vidonge na vitu vya ncha viondolewe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ahadi ya siri haifiki hapa, na inapaswa kusemwa tangu mwanzo wa mazungumzo: "Utakayoniambia ni yako, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini." Hapa pia kagua slaidi za mkufunzi. Zikisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai Kenya bila maelezo zaidi, ni za zamani: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi imewafungia wengi nyumbani, kwa hivyo taarifa hii si ya pembeni.

Unganisha ni mahali ambapo mkufunzi wa kutoka nje ya mji hujulikana. Slaidi yake itasema "mwelekeze kwa mtaalamu," basi. Mtaalamu yupi, wapi, nauli kiasi gani, mlango gani? Dai karatasi moja ya hapa hapa. Kwa uchache iwe na namba 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia. 116 kwa mambo ya watoto. 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Na Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, penye pia kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Iongezwe siku za kliniki, kinachohitajika mlangoni (kitambulisho, usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF), na jina la cheo, si la mtu, kwa sababu watu huhamishwa. Namba zote zipigwe asubuhi ya mafunzo kuhakikisha zinapokewa. Na kuunganisha si kutoa namba. Ni kupiga simu mkiwa wawili, au kumsindikiza hadi kivuko cha Likoni na kuvuka naye, kisha kuuliza wiki ijayo kama alirudi kwa tarehe ya pili.

Kwa dhiki ya muda mrefu isiyofikia ugonjwa, mpango mwingine unafaa kuliko huu: Problem Management Plus wa Shirika la Afya Duniani, vikao 5 vya dakika 90 kila kimoja, unaoweza kuendeshwa na mtu asiye daktari akifundishwa na kusimamiwa. Mtoa mafunzo asiyeutaja kabisa huenda anauza anachokijua tu.

Mwajiri naye asikie. Mafunzo haya hayarekebishi ratiba. Kama watu wanafanya kazi siku saba ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, au mshahara unachelewa kila mwezi, kuwafundisha watambue dalili za msongo kwa wenzao ni kuwaonyesha moto na kuficha ndoo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 kuhusu afya ya akili kazini yanaanza na mazingira ya kazi yenyewe na mafunzo ya wasimamizi. Kwa hivyo meneja awe kwenye kikao chake, tofauti na wafanyakazi. Akikaa nyuma ya ukumbi mmoja nao, maigizo yote yatakuwa ya mtu aliyefiwa, hakuna hata moja la mtu anayeonewa na bosi.

Hukumu yetu: nyota 3 kati ya 5 kwa kifurushi kama kinavyokuja, 4 kikiwa na watu wasiozidi 24, kwa Kiswahili, chenye karatasi ya Mombasa na kikao cha marudio cha saa mbili baada ya miezi mitatu. Bila marudio, watu hurudi kwenye ushauri wa haraka. Nyota 1 kwa hotuba ya ukumbi mzima yenye cheti. Cheti hicho hakimfanyi mtu mshauri nasaha, na msimruhusu yeyote ajitangaze hivyo.

Chama, msikiti, kanisa au stendi ya tuktuk isiyoweza siku nzima iombe nusu siku, saa tatu na nusu. Ondoeni historia ya msongo, homoni na michoro ya ubongo. Hakuna aliyewahi kumsaidia jirani kwa kujua kortisoli, homoni ya msongo. Dakika 30 za zoezi la badiliko, 90 za kusikiliza kwa zamu, 30 za swali la kujiua na pumzi, 30 za karatasi ya namba, zinazobaki maswali. Msiweke Ijumaa asubuhi, wala mwisho wa mwezi kwa watu wa bandarini, wala Ramadhani baada ya adhuhuri.